Kupima Vumbi

Mizani hii niliinunua kwa ajili ya dhahabu ya Geita,
vumbi la wachimbaji lililofungwa kwenye nailoni,
jasho la mtu mzima katika pointi mbili, tatu.
Sasa, duka likifungwa, napimia kidonge.

Wembe mpya. Karatasi nyeupe. Feni nimeizima,
maana hata upepo una uzito wake hapa.
Nakwangua pembeni, kidogo, kama ukucha wa kichanga.
Kilichodondoka nakipuliza,
kilichobaki nakimeza.
Wiki mbili hivyo. Kisha nakwangua tena.

Viliandikwa vya siku kumi na nne.
Usiku ule wa majambazi ulikuwa bado unanitembelea,
mtutu shingoni, vioo vya kabati vikilia chini ya buti.
Siku kumi na nne zikazaa miaka sita.
Sikuwa mlevi. Nilifungua saa mbili, nililipa kodi,
nilicheka panapochekwa,
ila kicheko kilinifikia kimechelewa,
kama sauti ya mtu aliyeko ng'ambo ya maji.

Shemeji Magesa akasema: Tupa! Mwanaume halindwi na kidonge.
Nikatupa.
Siku ya tatu nilianguka palepale penye benchi,
tochi ya gesi ikiwaka.
Kovu hili la kiganjani ndiyo risiti.

Daktari Kokugonza hakunigombeza.
Alichora ngazi kwenye faili, vipago vifupifupi,
akasema: Uliingia kwa mlango, usitoke kwa dirisha.
Kipago kikiteleza, kaa.
Kaa tu, uje uniambie.

Basi nimekaa.
Nimekaa na saa tisa ya usiku hapa Igogo,
mbwa wanabwekea ndani ya meno yangu,
ngozi inatambaa kwenda isikokujua,
na masikioni nyenje mmoja asiye na kiangazi wala masika.
Juu ya bati letu kuna lile jiwe, kubwa kuliko nyumba,
limekalia jiwe jingine kwa sehemu isiyozidi sinia.
Mchana ni jiwe. Usiku linapumua.
Najua halitashuka, babu wa mwenye nyumba alilikuta hapo.
Najua. Lakini moyo haukusoma,
moyo unahesabu tu, mbiombio, kama karani aliyeiba.

Natoka peku juu ya mwamba
ambao bado una joto la jana.
Kunapambazuka. Kule ziwani moshi umesimama wima,
mweusi, mrefu, unayumba kuelekea mjini.
Palipo na moshi pana moto, tulifundishwa.
Aliyetufundisha hakuwaona wadudu wa ziwa hili:
mabilioni, wamezaliwa leo, watakufa leo,
na chini yao hakuna kinachoungua.
Nimeusimamia moshi huo mpaka ukapita.
Umeniachia mabawa kwenye kope.

Nkwimba anatoka na kanga mabegani.
Mhola, baba?
Miaka sita nilimjibu mhola kabla hajamaliza kuuliza.
Leo namwambia, Bado, mwanangu.
Anaketi. Anachokonoa kucha. Haniulizi bado nini.

Mwezi Machi nilifanya pupa, nikakwangua mara mbili.
Wiki nzima sikuweza kuunga pete,
mkono ulikuwa na mambo yake.
Nikapanda kipago kimoja juu, kwa aibu.
Daktari aliandika tarehe, akaomba kalamu yake.

Na hili sikumwambia mtu:
mama alikufa mwaka wa tatu wa vidonge.
Nilimzika Magu kwa macho makavu,
nikagawa soda, nikasimamia maturubai,
watu wakasema, Huyu kajaliwa moyo.
Juzi, Kirumba, mchuuzi mmoja alikuwa akipepeta dagaa,
mkono wake ukageuka kama wa mama anavyogeuza ungo.
Nikalia pale sokoni, na korongo wakinitazama,
nikalia mpaka muuza mifuko akanipa mfuko bure.

Usiku huu kipande ni kama punje ya ulezi.
Nawasha mizani. Inasoma sifuri.
Nasogea kuitazama vizuri,
inatikisika:
ni pumzi yangu.